Swali la Mapafu

Swali la mapafu lilikuwa la saba, chini ya swali la masikio na juu ya swali la moyo. Binti yangu alilisoma kimyakimya kwa Kiingereza, halafu akanigeuzia kwa Kiswahili.

"Umewahi kuugua kifua, baba? Kifua kikuu, pumu, vumbi kwenye mapafu, chochote cha namna hiyo?"

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi mbele ya duka la wazamiaji, katika kisiwa kimoja cha Bahari ya Mediterania. Ilikuwa saa tatu asubuhi na jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Mitungi ya hewa ilikuwa imepangwa ukutani kama mitungi ya gesi ya kupikia inayosubiri gari, na suti za mpira zilitundikwa kwenye kamba, mikono ikining'inia.

"Kifua changu kizima," nikasema.

Akatia alama mahali pa hapana. Akaendelea na moyo.

Kwa habari ya kifua nilikuwa mwongo mzoefu. Nilichimba dhahabu upande wa Geita kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza chini kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, baadaye kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ambako vumbi linakuingia kama unga unavyomwingia mtu wa kinu. Kikohozi kilipoanza kutoa damu nilikwenda hospitali peke yangu. Wakaniambia ni kifua kikuu, na kwamba hata kikipona mapafu yamekwisha kupata makovu ya vumbi. Nilimeza dawa miezi sita nikiwa nimepanga chumba nyuma ya soko la Katoro. Nyumbani Kagongwa nilituma habari kwamba nimepata duara porini, mahali ambapo simu haishiki. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba kwa biashara ya mchele, aliamini, au alichoka kubisha. Amefariki bila kujua. Na huyu binti, ambaye wakati ule alikuwa sekondari, alinisomea swali lile la saba bila kujua.

Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nijibu upesi vile, bila hata kumeza mate. Kwenye maduara mtu hasemi kwamba anaumwa. Msimamizi akisikia unakohoa sana atakwambia upumzike wiki, na ukipumzika wiki mwenzako ameshika sululu yako, na mawe yakitoka huna mgao. Kwa hiyo tulijifunza kukohoa karasha inaponguruma. Na kabla ya maduara tulikuwa tumeshafundishwa nyumbani. Msukuma akikutana nawe njiani anakuuliza, "Mhola?" ni amani? Nawe unajibu, "Mhola duhu," amani tu, hata kama umetoka kuzika. Matatizo, kama yapo, yanakuja baadaye, mkishakaa. Mimi kwenye maisha yangu sikukaa na watu wangu muda wa kutosha kuyafikia hayo ya baadaye.

Binti yangu sikumlea. Nilikuwa nakuja wakati wa kulima na wakati wa misiba, nakaa siku chache, naondoka na basi la asubuhi. Alipokuwa mdogo aliniuliza, huko chini ninakochimba kuna nini. Nikamwambia kuna giza na mawe, aende akacheze. Ada yake ilitoka kwenye mchele wa mama yake. Alipomaliza shule alikwenda Zanzibar kufua mashuka hotelini, na huko akawaona watu wanaoingia baharini na mitungi mgongoni. Msukuma wa Kagongwa, aliyejifunza kuogelea akiwa mtu mzima, akaanza kwa kuosha suti zao, akaishia kuwaongoza. Mgeni mmoja akalipeleka jina lake kwenye kile kisiwa, wakamchukua.

Nilipokwenda kumtembelea, mwaka juzi, alikuwa anamaliza msimu wa pili wa majaribio. Mwenye duka, mwanamke wa rika langu, mwembamba, aliyekauka kwa chumvi na sigara, alikuwa amemwahidi kwamba msimu ukiisha bila dosari atampa mkataba wa kudumu na kumkabidhi mapango. Kule kuongoza watu kwenye mapango ndilo daraja la juu. Na kibali chake cha kufanya kazi hiyo kilitegemea mkataba huo.

"Zimebaki wiki tatu," aliniambia siku ya pili tangu nifike, tukila mkate na nyanya barazani kwake. "Wiki hizi tatu sitaki hata mgeni mmoja apoteze soksi."

"Na mimi ni mgeni?"

"Wewe ndiye mgeni ninayemwogopa kuliko wote, baba."

Akacheka, akanimiminia chai. Kisha akasema amemwomba bosi wake ruhusa ya kunishusha mara moja, mahali pepesi, kina kifupi. Bosi alikataa kwanza kwa sababu ya umri wangu. Baadaye akakubali, kwa sharti kwamba nijaze karatasi ya afya na binti asaini kwamba amenisomea maswali yote kwa lugha yangu na nimeyaelewa.

"Uliniambia chini kuna giza na mawe tu," akasema. "Nataka ukaone ya kwangu."

Sikutegemea kwamba alikuwa bado anakumbuka. Mtu mwingine angesema pale pale, mwanangu, kifua changu hakifai. Mimi niliona kwamba hii ndiyo zawadi ya kwanza ambayo mtoto huyu ananipa bila mimi kuistahili, na kwamba nikiikataa nitakuwa nimeondoka tena na basi la asubuhi. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Lakini palikuwa na majivuno pia. Nilitaka kumwonyesha kwamba baba yake anajua mambo ya chini.

Kuvaa suti ile kulinichosha kabla sijagusa maji. Aliivuta kwa nyuma, mimi nikavuta kwa mbele, tukapumzika, tukaanza tena.

"Unafanana na kambale," akasema.

"Kambale wa wapi amevaa miwani?"

"Wa Ulaya. Inua mkono. Huo mwingine, baba."

Alinifunga mkanda wenye vipande vya madini ya risasi kiunoni ili nisielee, akanipa mdomo wa mpira nipumulie, akanifundisha ishara za mikono. Kidole gumba na cha shahada vikiungana kama pete, maana yake niko salama. Kiganja kikitikisika, maana yake kuna tatizo. Halafu akaninyooshea kidole, kama mwalimu.

"Sheria ni moja tu. Usibane pumzi. Hata kidogo. Ukipanda umebana pumzi, hewa inatanuka ndani, inapasua mapafu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Rudia."

"Nisibane pumzi."

Nilirudia kwa mdomo. Mwili ulikuwa na sheria yake nyingine. Ndani ya duara, mshumaa ukizimika au kichwa kikianza kuwa chepesi, tunasema hewa imekata. Hapo hungoji kuelezwa. Unabana pumzi, unashika kamba, unapanda kwa nguvu zote, maana kila unachovuta ndani ni sumu. Nimeifanya mara tatu, na mara zote tatu ndiyo iliyoniokoa. Sikumwambia habari hiyo. Sikuona kwamba inahusiana.

Tuliingilia kwenye ngazi zilizochongwa mwambani. Bosi wake alibaki juu, amekaa kwenye kreti, anavuta sigara na kututazama.

Nitasema ukweli kuhusu kilichokuwa chini, kwa sababu uongo ulikuwa kwangu, haukuwa kwa mahali pale. Kwanza yalikuja mawe makubwa yenye nyasi fupi za kahawia, na samaki wadogo wenye mistari wakituzunguka kama kuku wanaomfuata mtu mwenye pumba. Nilivuta hewa, ikaja. Nikaitoa, mapovu yakapanda kwa kelele. Kisha mawe yakaisha tukawa juu ya shamba la majani marefu, kijani kibichi, yote yanalala upande mmoja na kuinuka pamoja, kama mpunga unapopigwa upepo kabla ya kukauka. Tulipita juu yake bila kulikanyaga. Hapo ndipo nilipogundua kwamba magoti hayaniumi. Mgongo hauumi. Uzito wote ambao huwa naamka nao asubuhi na kulala nao ulikuwa umebaki kwenye zile ngazi. Binti yangu alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, akaniuliza kwa pete ya vidole: uko salama? Nikajibu kwa pete: niko salama. Ilikuwa kweli mara hiyo.

Shamba likakatika ghafla. Mwamba uliporomoka kama ukuta wa ghala, ukaenda chini kwenye bluu ambayo macho yangu hayakufika mwisho wake. Tulishuka kidogo tu tukaufuata ukuta. Ulikuwa umevaa kila rangi, sifongo za njano, za zambarau, nyekundu kama nyama, na kwenye nyufa palikuwa na mkunga, samaki mrefu kama nyoka, ametoa kichwa anafungua mdomo na kufumba. Samaki mmoja mkubwa, chewa, alikuwa amesimama tu majini, anatutazama kama mwenye nyumba anayesubiri wapangaji waseme shida yao. Mbele palikuwa na upinde wa mwamba, mkubwa kama daraja. Tulipita chini yake. Kifua kilianza kunibana kidogo pale. Aliniuliza kwa vidole. Nikajibu: niko salama.

Baada ya upinde kulikuwa na mdomo wa pango. Tulikuwa tumeelezana tangu juu: tunasimama mlangoni, hatuingii, mgeni asiye na mafunzo haingii. Alimulika tochi ndani. Dari yote ilikuwa imejaa vitu vidogo vya rangi ya chungwa, maelfu, vinafanana na maua na kumbe ni wanyama. Nilitazama dari ile kwa namna yangu. Nilitafuta matimba, yale magogo tunayotegemezea udongo usituangukie. Hakuna. Mwamba umejisimamia wenyewe, na chini yake hakuna mtu aliyewahi kufa ili ukae hivyo, angalau sidhani.

Alimulika pembeni, chini ya jiwe, kunionyesha pweza. Kugeuza tochi akaniachia mkono. Ilikuwa muda wa kupepesa macho mara chache. Na mimi, kwenye ule mwanga wa pembeni, nikaona mstari mweupe ukutani.

Yeyote aliyewahi kuchimba ananielewa. Mstari mweupe kwenye mwamba mweusi, upana wa kiganja, umelala mshazari unaingia ndani. Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta kila siku. Ukikiona hukiachi, unakifuata kinakoelekea, kwa sababu kesho mwingine atakifuata. Najua sasa kwamba ulikuwa chokaa tu. Nadhani hata wakati ule nilijua. Lakini miguu haikuniuliza. Nilipiga yale mapezi ya mpira ya miguuni mara tatu nne, mkono wangu uko juu ya ule weupe, naupapasa, nauangalia unavyonenepa na kukonda. Nilipogeuka, mlango ulikuwa nyuma yangu kwa mbali, umekuwa mdogo, wa bluu.

Kikohozi kikaja hapo. Kilianzia kwenye kovu la chini upande wa kushoto, mahali ninapopajua. Nilikohoa ndani ya mdomo wa mpira, maji ya chumvi yakaingia pembeni, nikakohoa tena, na hewa niliyoivuta haikushuka. Kichwa kikawa chepesi. Akili yangu ikasema neno moja, kwa Kiswahili cha machimbo: imekata.

Nikabana pumzi, nikapanda.

Kichwa kikagonga dari. Sikuwa na kamba wala mshumaa. Mapovu yangu yalikuwa yametanda juu kwenye mwamba, yanateleza na kuungana kama zebaki kwenye karai, na mimi nikayakwangua kwa kucha nikidhani ni mwanga. Nilihisi nimekamatwa mtungi kwa nyuma. Alinivuta kinyumenyume kama mtu anayevuta kiroba cha mawe, sikujua kulia wala kushoto, mpaka bluu ikatuzunguka tukawa nje.

Nje nilifanya vibaya zaidi, kwa sababu nje hakukuwa na dari ya kunizuia. Nilipiga miguu kuelekea juu, mashavu yamejaa. Alinidaka mkanda. Akanipiga ngumi ya tumbo. Hewa ikanitoka. Nikavuta, nikabana tena, akanipiga tena. Alikuwa ameweka uso wake mbele ya uso wangu, kioo kwa kioo, na kila nilipofunga koo alijua kabla yangu. Tulipanda hivyo polepole, yeye akinipiga na kunitazama. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunitazama kwa muda mrefu kiasi kile.

Juu nilikohoa damu kwenye miwani. Bosi wake alikuwa tayari yuko majini mpaka kiunoni na nguo zake, sigara haipo. Wakanilaza mwambani wakanivika oksijeni, gari likaja, wakanipeleka hospitali ya mji.

Mapafu hayakupasuka. Daktari alisema ni kwa sababu ya zile ngumi. Kisha akaitundika picha ya eksirei kwenye taa, akaitazama, akamwita mwenzake waitazame wote wawili. Akamuuliza binti yangu, siyo mimi: baba yako alifanya kazi gani, na kifua kikuu hiki kilitibiwa lini? Binti aliniangalia. Nilitazama ukuta. Akamjibu daktari kwamba hajui.

Kesho yake mchana tuliitwa dukani, nyuma, kwenye chumba chenye meza na kopo la vifungio vya mpira. Bosi alikuwa ameweka karatasi yangu mezani, pembeni ya ripoti ya hospitali, kidole kwenye swali la saba. Hakupandisha sauti. Alizungumza Kiingereza cha polepole, neno moja moja, akinitazama mimi.

"Swali hili. Alikusomea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulilielewa?"

Hapa ndipo ninaporudi kila siku. Njia zilikuwa mbili, na kila mmoja mle chumbani alizijua. Kama nililielewa, basi nilidanganya mimi, mzee, na saini ya binti yangu ilikuwa safi. Kama sikulielewa, basi yeye hakunisomea vizuri na alikuwa amesaini uongo, na kiongozi wa namna hiyo hakabidhiwi mapango.

Nilisoma mpaka kidato cha nne Shinyanga mjini. Kiingereza nilifaulu. Machimboni ni mimi niliyekuwa nawasomea wenzangu maandishi ya kwenye maboksi ya baruti. Nilielewa swali lile kwa Kiswahili na ningelielewa kwa Kiingereza. Lakini tulikuwa na jibu letu kule Geita. Duara likianguka, wakija wakubwa na madaftari, kila mtu anasema yeye ni mgeni, amefika jana, hajui. Anayejua ndiye anayepandishwa kwenye gari. Niliona kile chumba, ile karatasi, yule mwanamke mwenye kalamu, nikawaza polisi, nikawaza kurudishwa nyumbani na pingu nikiwa na umri huu. Hakuna aliyetaja polisi. Niliwatoa kichwani mwangu mwenyewe.

"Kiingereza changu kidogo," nikasema, kwa Kiingereza kibovu kuliko nilichonacho. "Pengine sikuelewa vizuri. Alisoma haraka."

Bosi akamgeukia binti yangu. "Alielewa, au hakuelewa?"

Angeweza kusema. Neno moja lilitosha. Lakini kwetu mtoto hamwumbui baba yake mbele ya watu, hasa mbele ya watu wasio wetu, na yeye, pamoja na Ulaya yake yote, alilelewa Kagongwa na mwanamke aliyemfundisha kunipigia goti hata nikirudi mikono mitupu. Alikaa kimya. Nakumbuka kimya chake kilivyokuwa kirefu, mtu nje anajaza mtungi, kompresa inanguruma. Nakumbuka pia kwamba hakunitazama kabisa. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida, "Mimi ndiye niliyesaini. Kosa ni langu."

Bosi alifunga kalamu. Alisema anasikitika, na nadhani alikuwa anasikitika kweli, maana alitoka nje akakaa kwenye lile kreti bila kuwasha sigara. Mapango alipewa kijana wa pale kisiwani. Binti yangu aliruhusiwa kumaliza zile wiki kwa kuosha suti na kujaza mitungi. Mkataba haukuja.

Siku nilizobaki zilikuwa ndefu. Hakunikosea adabu hata mara moja. Aliniamkia kila asubuhi, shikamoo baba, marahaba, akanipikia mchele aliousafirisha mwenyewe kutoka nyumbani miezi mingi nyuma, akanikumbusha dawa nilizopewa na daktari. Jioni alirudi vidole vimekunjamana kwa maji ya kuoshea, akakaa barazani. Ningeweza kusema wakati wowote. Kila siku niliahirisha mpaka kesho, na kuahirisha kulikuwa kunanichosha kuliko kusema. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka mahali pa kupimia mizigo, akanirekebisha kola.

"Ukifika nenda hospitali wakakupime tena," akasema. "Ile ya wilaya, siyo dukani."

"Nitakwenda."

"Sema kweli, baba."

"Nitakwenda," nikasema, na nilikwenda, hilo nalo niliandike.

Niliandika barua baada ya miezi miwili. Sio ya kwake, ya bosi. Nilikaa kwenye meza tuliyokuwa tunapimia mchele, nikaiandika kwa Kiingereza, kwa mkono, mara nne, maana kila mara nilijikuta nimeweka sentensi ya kujisafisha na nikalazimika kuitoa. Ile ya mwisho ilikuwa fupi. Nilisema kwamba nilisomewa kila swali vizuri, kwamba nililielewa la saba kwa lugha mbili, kwamba nilidanganya kabla ya kuzama na nikadanganya tena ofisini, na kwamba binti yangu alininyamazia kwa sababu mimi ni baba yake, jambo ambalo kwetu ni adabu na ambalo mimi nililitumia vibaya. Dada wa steshenari aliipiga picha akaituma. Aliisoma alipokuwa anaituma, nikaona midomo yake ikitembea, akanirudishia karatasi.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Mwenye duka alishukuru. Alisema nafasi imeshachukuliwa na hawezi kumtoa mtu asiye na kosa. Aliweka nakala ya barua yangu kwenye faili la binti yangu, ili duka lingine likiuliza wasome wenyewe.

Binti alinipigia siku hiyo hiyo. Wakati huo alikuwa anasafisha vyumba katika hoteli ya kisiwa kile, kazi inayofanana na ile aliyoanza nayo Zanzibar miaka kumi na kitu nyuma, na hoteli ndiyo iliyomtafutia kibali kipya cha mwaka mmoja.

"Bosi amenisomea barua yako," akasema.

"Nimechelewa."

"Umechelewa." Nilisikia anasukuma kitu chenye magurudumu, kisha kikasimama. "Lakini Kiingereza chako kizuri, baba. Kuna maneno nilimwuliza yeye maana yake."

"Ni cha zamani. Walitufundisha kwa viboko."

Hakucheka, wala hakukata simu. Nikamuuliza kile nilichokuwa nimekaa nacho tangu kile chumba: kama alijua, kwa nini hakusema. Nilitegemea aniambie ni adabu, ni mila, ni mama yake.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Nilikaa kimya nikupe nafasi useme mwenyewe. Nilikungoja sana."

Kisha akasema vyumba vinamngoja.

Msimu huu ameanza upya, upande wa pili wa kisiwa, kwenye duka dogo lisilo na mapango. Majaribio ni misimu miwili, kama kwanza. Atakapomaliza mimi, kama mapafu yataruhusu, nitakuwa nimeingia sabini. Amenitumia picha moja: amesimama kwenye maji ya magoti, anamfunga mkanda mgeni mzee, mwanamke, na mumewe amekaa pembeni na nguo zake kavu. Kwenye ujumbe ameandika kwamba yule mume alijibu hapana kwa maswali yote, naye akamkalisha chini akamuuliza tena, moja moja, mpaka mkewe akaanza kucheka, na mzee akakubali kwamba ana pumu. Hakumshusha.